Barabara Ikiwa Imelowa

Keko, Dar es Salaam
Mwishoni mwa Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, halafu umpelekee Bibi shikamoo yake pale anapokaa kwenye mkeka wake, umwambie mjukuu wake bado anakumbuka kupiga goti. Mguu wake unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ameanza kutembea hadi kwa jirani bila fimbo, nami nilicheka peke yangu maana najua alikuwa anakwenda kuangalia wamepika nini. Na mvua je, imeingiza maji ya kutosha kisimani, au bado mnateremka bondeni na ndoo? Tedi anakwenda shule, au bado tumbo linamuuma kila Jumatatu?

Huku Anti na watoto hawajambo. Mie nimefaulu mtihani wa kidato cha pili na sasa nimeingia cha tatu, hilo Mjomba alishakwambia kwa simu, tena kwa kelele kama vile aliyefaulu ni yeye. Nashukuru pia kwa korosho. Watoto walizimaliza kabla sijazikaribisha vizuri.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Simu yenyewe unaijua, ni ya Mjomba, na akikupigia anaweka sauti kubwa ili nyumba nzima isikie. Zamu yangu ikifika nasema, “Shikamoo Mama, tuko salama,” halafu maneno yananiishia. Si kwamba sina la kusema. Ninayo mengi, ila yanataka mtu asiyeniangalia usoni. Mama Chiku, yule wa korosho, anapanda basi la huko nyumbani wiki hii na amekubali kukuletea barua hii mkononi. Tafadhali uisome ukiwa umekaa, na uisome mpaka mwisho kabla hujaomba simu ya mtu.

Mama, Mjomba anakohoa.

Si kile kikohozi cha mafua. Kilianza kabla ya Krismasi. Kinaanza taratibu kama mtu anayesafisha koo, halafu kinamkunja mpaka anashika ukuta. Asubuhi anakohoa kabla hajaongea. Anti alimlazimisha kwenda zahanati, nami nikamsindikiza kwa sababu shule ilikuwa imefungwa na Anti alikuwa na mtoto mgonjwa. Daktari alikuwa dada mpole. Alimpima, akamwuliza kazi yake. Mjomba akamwambia ni fundi seremala, anatengeneza vitanda na makabati hapa Keko. Akamwuliza vanishi wanapaka kwa brashi au wanapulizia. Mjomba akasema kwa fahari, “Tunapulizia kwa kompresa, dokta, siku hizi brashi mteja hataki.” Akaulizwa wanapulizia wapi. Akasema ndani ya banda, wakiwa wamefunga mlango na kushusha turubai.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema ule moshi wa vanishi na tina ya kuchanganyia, ukiufungia ndani, unaingia kifuani na kukaa. Alisema kilichokwisha kuharibika hakirudi, kinachowezekana ni kuzuia kisizidi. Akataja na sigara, akataja na barakoa, lakini alichokirudia ni hicho: asipulizie tena ndani. Mjomba aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi anayetaka kutoka ofisini kwa mwalimu mkuu. Tulipofika njiani akaniambia, akimaanisha wewe, “Dada asijue. Akijua atakuja hapa na basi la kwanza.” Mie niliendelea kutembea tu. Alidhani nimekubali.

Sasa nikueleze ya mwaka mpya, kwa sababu ndipo mambo yalipoanzia.

Mchungaji wetu ana desturi yake. Ibada ya kwanza ya mwaka, anayetaka anasimama na kutaja jambo analoliacha, na kanisa zima linaitikia, “Liachwe!” Watu hutaja moja tu, umbea, au kuchelewa ibada, wanakaa. Mjomba alisimama na shati lake la drafti akashika kiti cha mbele.

“Naacha sigara,” akasema.

“Iachwe!”

“Naacha kupulizia vanishi ndani ya banda.”

“Kuachwe!”

“Naacha soda. Naacha chumvi ya kuongeza mezani. Naacha hasira kwa vijana wangu wa kazi.”

Hapo kuna sauti ilitoka nyuma kabisa, “Iachweee!” kupita wote. Alikuwa ni Chepe, kijana wake wa kazi, na watu wakacheka mpaka mchungaji akainamisha kichwa. Mjomba hakukaa. Akasema, “Na naanza kukimbia kila siku asubuhi.” Kanisa likakosa la kuitikia, maana hilo si la kuacha, na wachache wakasema “Liachwe” kwa mazoea.

Nilicheka na mie, Mama, lakini moyoni niliogopa. Nilimwona anavyong’aa. Alikuwa kama mtu aliyekwisha kupona.

Siku ya kwanza alikimbia. Alivaa vile viatu vyake vya kanisani kwa sababu hana raba, akaenda mpaka kwenye kona, tukamwona anarudi na kikombe cha kahawa mkononi. Siku iliyofuata alitembea. Baada ya hapo alisema magoti yanahitaji kuzoea kwanza wazo. Barakoa aliinunua, akaitundika kwenye msumari mlangoni mwa banda, na kila Anti alipouliza alisema, “Si ile pale?” Sigara aliziacha kwa siku chache, kisha nikaanza kuona vijana wanatumwa dukani na kurudi wamefumba kiganja. Chumvi ilirudi mezani Jumapili ile ile. Na kabla wiki haijaisha nikasikia kompresa inanguruma huku turubai limeshushwa. Ikawa kama vile kanisani hakusimama mtu.

Hakuna aliyemsema. Anti alisema tu, “Mwanamume huyo, mwache.” Lakini niliona kitu. Jambo moja lilipoanguka, alijiona ameshindwa yote, na yote akayaacha yaanguke. Maktaba ya shule yetu ina kitabu kimoja cha afya, kimechanika jalada, nilikisoma likizo. Kinasema mtu anayetaka kubadilika achague jambo moja, liwe dogo, lijulikane linafanyika wapi na wakati gani, na mengine ayasubirishe. Nilikisoma kile kipande mara nyingi. Halafu nikafanya mazoezi ya kumwambia Mjomba, nikiwa nafagia, nikiwa naosha vyombo, mpaka mtoto wa Anti akauliza, “Dada Agnesi anaongea na nani?”

Nilimwambia asubuhi tukinywa chai.

“Mjomba, samahani.”

“Sema, mama.” Unajua ananiita mama, kwa ajili yako.

“Yale mambo uliyosema kanisani. Unaonaje ukichagua moja tu?”

Akaweka kikombe. “Nimeahidi mbele ya Mungu mambo sita, wewe unanipunguzia?”

Anti akasema, “Hata hilo moja tutapiga vigelegele.”

“Haya, Profesa. Lipi? Usiniambie soda.”

“La kupulizia ndani. Sigara vuta. Soda kunywa. Ila kitanda kikiwa cha kupulizia, kitoke nje, hapo mbele ya banda, kwenye hewa.”

Akatazama pembeni. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anapima ile nafasi ya mbele kwa macho kupitia dirishani, kama anavyopima ubao. Akasema, “Kitanda cha sita kwa sita kinaenea pale.” Mama, nilitaka kuruka.

Lakini mie nimesoma kitabu cha afya, sijasoma cha useremala. Hapo ndipo nilipokosea.

Barabara ya mbele ya banda ni ya vumbi. Malori ya mbao yanapita pale mchana kutwa, na bodaboda, na mikokoteni. Wiki ile walikuwa na kitanda cha mninga cha kijana mmoja wa Chanika aliyekuwa anaoa. Mjomba alikitoa nje kama alivyoahidi, akapulizia, kikang’aa, akasimama mbali akikiangalia na mikono kiunoni. Mara lori likapita. Vumbi likapanda, likakaa hewani kidogo, halafu likashuka taratibu juu ya vanishi mbichi. Tulisimama wote tukiangalia. Huwezi kulipuliza, huwezi kulifuta. Ukigusa unaharibu zaidi.

Yule kijana alifika jioni na pikapu. Akapitisha kidole juu ya ubao wa kichwani.

“Fundi,” akasema, “hiki ni kitanda au mkate wa ufuta?”

Vijana wakageuka pembeni wacheke. Mjomba hakucheka. Alimwomba yule kijana arudi kesho, na kesho yake tangu alfajiri walikuwa wanapiga msasa upya kitanda kizima, vumbi la msasa likiwa kila mahali, na yeye anakohoa ndani yake. Kisha akakiingiza ndani, akafunga mlango, akashusha turubai, akapulizia. Alipotoka aliniona nimesimama karibu na mlango wa jikoni. Hakunisema. Ni afadhali angenisema. Alisema tu, “Umeona, mama? Wenzangu wote hapa wanajifungia. Si wajinga. Mimi siwezi kuuza vumbi.”

Mama, sikula vizuri siku ile. Niliwaza: vumbi ndilo linalomfungia ndani. Si ukaidi wake, si sigara. Ni vumbi la barabara.

Sasa nakuomba usikasirike na hiki nitakachokwambia, maana najua kwetu maji ni kitu gani. Nimekua nikiyapandisha mlima kichwani, nikapigwa kwa kumwaga kikombe kimoja. Lakini ndivyo nilivyofanya. Nilichukua maji ya kufulia ya Anti, yale machafu yenye mapovu, nikayamwaga barabarani.

Vijana wa banda walifurahi sana. Unajua ninavyoona aibu nikipita mbele yao hata nikiwa sina kitu mkononi.

“Oya, Profesa! Unapanda mchicha?” Chepe akapiga kelele.

“Mwache, anaomba mvua.”

“Basi mvua yako imenyesha upande mmoja, sista, na huku!”

Nilitamani ndoo inimeze. Lakini Mama Zuhura, jirani yetu wa chumba cha mwisho, alikuwa anafua pia. Akatoka na beseni lake akaniambia, “Chukua na haya. Hilo vumbi tunalila sote.” Nikamwaga na hayo. Barabara ikawa nyeusi kutoka kona ya banda hadi kwenye duka la vioo. Lori likapita, na vumbi halikupanda. Matairi yalitoa sauti tu ya kulamba tope.

Mjomba alikuwa mlangoni. Aligeuka akawaambia vijana, “Toeni lile kabati nje.”

Walilipulizia pale nje, Mama, na upepo ukawa unachukua ule moshi kwenda zake. Likakauka likiwa safi. Mjomba aliniita. “Njoo ujione.” Nikaenda, nikauona uso wangu kwenye mlango wa kabati, na ndoo yangu mkononi. Siku ile nilifurahi kuliko siku ya matokeo. Anti alisema hata kukohoa amepunguza. Sijui kama ilikuwa kweli au tulitaka iwe kweli.

Ikawa hivyo kwa siku kadhaa. Tulikubaliana bila mtu kusema: siku ya kufua ndiyo siku ya kupulizia. Anti akaanza kugawa nguo ili afue mara nyingi zaidi, leo za watoto, kesho mashuka. Wapangaji wengine wakaniletea maji ya mashuka yao. Chepe akawa anauliza asubuhi, “Profesa, leo utabiri wa hali ya hewa unasemaje?” Mie namwambia, “Mvua.” Ndilo neno langu la kwanza kumwambia kijana yeyote wa pale tangu nifike mjini.

Halafu shule zikafunguliwa.

Natoka nyumbani jua halijapanda na kurudi linashuka. Jua la Januari ya huku unalijua kwa kusimuliwa tu, Mama. Maji ninayomwaga asubuhi kabla ya kwenda shule yanakauka kabla ya saa ya chai. Halafu bomba nalo likakata, na Anti hana budi kununua maji ya dumu, na anafua mara moja tu, na maji ya nguo anamwagia choo. Nani amlaumu? Na wateja hawaji kwa ratiba ya kufua. Wanakuja wakitaka kitu chao leo.

Alhamisi iliyopita nilirudi mapema kidogo kwa sababu walimu walikuwa na kikao. Nilikuwa nimeomba kwa mama lishe maji aliyooshea vyombo, ndoo moja, nimeibeba tangu kwake. Nilipokaribia nikasikia kompresa. Nikaangalia mbele ya banda. Hakukuwa na kitu nje. Mlango umefungwa, turubai chini, na kwenye upenyo wa turubai moshi mweupe unatoka kidogo kidogo kama pale mtu anapopika kwa kuni mbichi.

Niligonga. Kwa ile ngurumo hakuna aliyesikia. Nikagonga tena na tena kwa kiganja. Sikuthubutu kufungua, maana ningefungua vumbi lingeingia na kazi ingeharibika, nami nimeshaharibu moja. Nikasimama pale na ndoo yangu na sare za shule. Watu wakawa wanapita wananiangalia. Sikujua niende wapi wala nifanye nini, Mama. Nilichoweza ni kusubiri tu ngurumo ikome.

Ilipokoma akatoka. Nyusi zake zilikuwa nyeupe. Barakoa ilikuwa bado kwenye msumari wake. Akashika nguzo ya mlango akakohoa, akainama, akakohoa tena mpaka Chepe akaja kumshika bega. Alipoinua kichwa akaniona, akaiona na ndoo. Akafuta mdomo.

“Barabara ilikuwa imekauka, mama,” akasema. “Na mteja alikuwa amesimama hapo hapo.”

Aliongea kama mtoto anayemweleza mwalimu kwa nini hakufanya kazi. Mjomba wangu mie, mtu mzima, mdogo wako uliyembeba mgongoni. Nilikuwa na mambo ya kusema. Nilikuwa nayo yote, na lile la daktari kwamba kilichoharibika hakirudi. Kikatoka kitu kimoja tu: “Pole, Mjomba.” Halafu nikayamwaga yale maji barabarani ingawa hapakuwa tena na kazi ya kutoka nje. Sikujua niyapeleke wapi. Chepe hakutania.

Ningependa kukuandikia kwamba baada ya hapo mambo yalikaa sawa. Hayajakaa. Jioni ile nilimfuata Chepe, nikasimama mbele yake, nikamwomba niwapo shule awe anamwagia yeye. Akasema, “Kumbe unaongea sentensi nzima!” Halafu akasema atajaribu, ila asionekane sana, wenzake watamcheka. Juzi alimwagia. Jana hakumwagia. Leo sijui.

Na mie nisijifanye mwalimu wa watu. Mwaka mpya huu nami nilijichagulia jambo moja dogo, kama kitabu kilivyosema: kunyoosha mkono darasani mara moja kwa wiki. Wiki ya kwanza mkono uliishia kwenye sikio na mwalimu akadhani najikuna. Wiki ya pili alinichagua, nikasimama, nikajibu, na nyuma wakapiga kelele, “Sauti!” Nikajibu tena, wakarudia, “Sauti!” Nikakaa. Jibu lilikuwa sahihi, lakini alilisema mwingine. Wiki hii bado sijanyoosha. Kwa hiyo ninajua kidogo jinsi mtu anavyoweza kutaka jambo kwa moyo wake wote asubuhi, na saa nne likawa limekauka.

Sasa ombi langu, Mama, ndilo lililonifanya nikwambie usome mpaka mwisho.

Ninajua utataka kumpigia Mjomba. Ninajua hata maneno utakayoanza nayo, na ninajua atakavyoitikia, “Ndiyo Dada, ndiyo Dada.” Wewe ndiye mtu pekee ambaye akisikia sauti yake anaacha kila kitu. Tatizo ndilo hilo. Ataacha kila kitu. Ataacha sigara, na soda, na chumvi, atakimbia mpaka kwenye kona na viatu vya kanisani, na wiki ikiisha atakuwa ameshindwa yote tena, na safari hii mbele yako. Sidhani atasimama tena baada ya hapo. Na akijua ni mie niliyekwambia, sijui kama ataniita tena nijione kwenye kabati.

Kwa hiyo ukimpigia, usimwulize habari ya kifua. Usimwambie aache chochote. Msalimie, mwulize watoto, mpe habari za mikorosho. Halafu, kama mtu anayeuliza habari za mvua, mwulize: “Barabara ya hapo mbele leo imelowa?” Basi. Atajua kwamba unajua, na pengine atahisi ni kwangu. Lakini hutakuwa umemwuliza jambo kubwa, utakuwa umemwuliza ndoo moja ya maji, na hilo mtu anaweza kulijibu hata siku aliyoshindwa. Anaweza kusema, “Leo hapana, Dada.” Na kesho ukamwuliza tena.

Sijui kama itasaidia. Nimewaza sana na hili ndilo pekee nililobakiwa nalo, nami naona ni dogo mno. Ukiwa na lingine, niletee kwa Mama Chiku akirudi.

Nisalimie Bibi. Msalimie Tedi, mwambie tumbo la Jumatatu hata huku lipo. Msalimie Baba Mkubwa na mke wake, na Mwalimu wa kwaya aliyenifundisha kusoma kabla ya shule, umwambie bado nasoma kila kinachopita mbele yangu hadi karatasi za maandazi. Anti anakusalimu sana, anasema kitenge kilimkaa vizuri. Mjomba angekusalimu naye kama angejua naandika.

Nilitaka kuongeza mengine, lakini nasikia kompresa imewashwa. Hapa nilipokaa, nyuma ya nyumba, siwezi kujua kama wako nje au wamejifungia. Anti ana beseni la mashuka karibu yangu, amemaliza kusuuza. Naiacha barua hapa, nikaangalie.

Mwanao anayekupenda,
Agnesi